Rufaa ya Nyumba ya Wasichana Viziwi

Kazi yangu ya kwanza ya ukarani niliipata mwaka 1991 katika mtaa wa Nyamirambo, kwenye nyumba ambamo wasichana viziwi kumi na wanne walifundishwa kushona. Mwenye nyumba alikuwa muuguzi mstaafu, mjane, ambaye sote tulimwita Mama Mlezi. Binti yake wa pekee alizaliwa kiziwi, akafariki akiwa mdogo. Baada ya msiba huo Mama Mlezi alihamia chumba kimoja cha uani, nyumba yote akawaachia mabinti wa watu. Kwa kuwa nilijua Kifaransa cha barua, nilipewa meza, mashine ya chapa yenye herufi moja iliyolegea, na muhuri.

Nyumba ile haikuwa ikitozwa kodi ya majengo, maana ilitambuliwa kuwa ya hisani. Mwaka uliofuata ikaja barua kutoka ofisi ya kodi: chumba cha mbele kinauza nguo, basi nyumba nzima ni ya biashara, na msamaha umefutwa. Ni kweli tuliuza. Sare za shule na mashuka yaliyoshonwa na wasichana vilitundikwa pale mbele, na kilichopatikana kilinunua vitambaa na unga wa uji.

Mama Mlezi aliniambia nimsomee barua mara mbili. Mara ya pili alikuwa amesimama.

"Biashara? Mimi nafanya biashara na watoto wa watu?"

"Ndivyo walivyoandika, Mama."

"Basi wataniambia hayo mbele ya hakimu."

Chini kabisa ya barua palikuwa na mistari miwili ya maandishi madogo. Asiyeridhika alalamike kwanza kwa mkuu wa ofisi ile ile, ndani ya miezi mitatu. Asiporidhika na jibu lake, ndipo aende mahakamani. Niliisoma mistari hiyo, lakini sikuisoma kwa sauti. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na nilimwogopa Mama Mlezi akiwa amekasirika. Tena, kusema kweli, nami nilitamani kumwona hakimu akiwaumbua. Nikapiga chapa mashtaka yetu, kurasa nne, tukayapeleka.

Tulisubiri wiki nyingi kabla ya kuitwa. Siku hiyo Mama Mlezi alivaa mshanana, vazi lake la kufungwa begani la harusi za watu, lile la rangi ya maziwa, tukashuka mjini kwa miguu. Hakimu alikuwa mtu mzima mwenye mafua, akijifuta pua kila mara. Alisoma kurasa zetu zote nne bila haraka, kisha akavua miwani.

"Mubyeyi," alisema, kwa lile neno letu la kumheshimu mzazi, "umemwandikia mkuu wa ofisi ya kodi kumweleza haya?"

"Nimwandikie yeye? Si ndiye aliyenitoza?"

"Ndiyo. Sheria inataka yeye apewe kwanza nafasi ya kujisahihisha. Mimi sisemi huna haki. Nasema siwezi kukusikiliza kabla yake."

"Na wasichana wangu wale nini wakati huo?"

Hakimu alitazama meza yake. "Rudi nyumbani uandike leo hii, kama muda haujapita," akasema kwa upole, akaifunga faili yetu.

Nje kulikuwa na benchi. Mama Mlezi aliketi, akavua kiatu kimoja kilichokuwa kikimbana. Nikaona nisiposema pale sitasema tena.

"Mama, nilijua. Imeandikwa chini ya barua. Sikukusomea."

Watu walipita mbele yetu na bahasha zao.

"Kwa nini?"

"Niliogopa utanifokea."

"Ningekufokea," alisema. "Halafu ningeandika." Akavaa kiatu chake. "Zimebaki siku ngapi?"

"Sita."

Hakunigombeza siku ile wala baadaye, na hilo ndilo lililoniuma. Jioni ile ile tuliandika malalamiko, yeye akisema, mimi nikipiga chapa. Safari hii hatukumtukana mtu. Tulieleza nani anafundishwa, nani anashona, nguo zinauzwa wapi, na kilichopatikana kinakwenda wapi. Kesho yake niliipeleka barua mwenyewe, na sikuondoka hadi nakala yangu ilipogongwa muhuri wenye tarehe.

Ukapita mwezi na zaidi. Kisha asubuhi moja akaja mkaguzi, kijana mwembamba mwenye koti kubwa kuliko yeye. Alibisha hodi kwenye chumba cha mafunzo, akabisha tena kwa nguvu. Hakuna aliyegeuka. Cherehani ziliendelea kulia.

"Hawa wako na kiburi?" aliniuliza.

"Hawasikii, bwana. Ndiyo shule yenyewe hii."

Akaona aibu, akavua kofia. Alikaa nasi hadi mchana. Msichana mmoja alimwonyesha kwa vidole jinsi anavyojua kwamba uzi umekatika: huweka kiganja mezani, mtikisiko ukibadilika anasimamisha mguu. Mkaguzi naye akaweka kiganja chake pale, akatulia hivyo kwa muda. Kisha akapima vyumba vyote kwa utepe, kimoja baada ya kingine, na chumba cha mbele akakipima mara mbili.

Jibu la mkuu wa ofisi lilikuja kabla ya mvua za masika. Vyumba vya mafunzo, bweni na jiko vimerudishiwa msamaha. Chumba cha mbele kitalipa.

Nikaruka. "Sasa mahakama haiwezi kutukataa, Mama! Tukadai na hicho cha mbele."

Mama Mlezi aliishika barua, akaigeuza, akatazama na chini kabisa, ingawa hakujua Kifaransa cha barua.

"Chumba cha mbele kinauza nguo," alisema. "Huo si uongo. Andika kwamba tumekubali, na tunashukuru kwa kututuma yule kijana."

Niliandika. Tuliendelea kushona na kuuza, na cha mbele tukakilipia, hadi Aprili ya 1994, mauaji yalipoanza. Yaliyotokea baada ya hapo si ya kuyachanganya na habari za kodi. Katika wale wasichana, niliokuja kuwaona tena ni watatu. Wawili wana cherehani zao, na wa tatu anafundisha.