Kaa Weupe wa Sifaole

Kila mwaka Bi Sifaole aliwapaka rangi nyeupe kaa hamsini wa minazi, akawaachia msituni, na wiki ya pili akatega tena. Wenye rangi wakiwa wachache mitegoni, kaa ni wengi. Wakijaa, kaa wanakwisha. Jibu aliliwekea nukta kwenye grafu aliyoibandika jikoni. Mwaka huu goti lilimgomea, akahesabia karibu na kijiji.

Siku ya kutegua alikuta kaa arobaini na wawili, wote weupe mgongoni! Kwenye grafu nukta ikaporomoka hadi chini kabisa. Alikuwa bado anawalilia kaa wa kisiwa kizima cha Niue, jirani yake Lapati alipobisha hodi, kamshika kaa mweupe aliyefungwa kamba.

"Shangazi, mwingine huyu. Mitegoni mwako hamna nafasi tena."

"Ala! Nani kakutuma?"

"Si ana alama yako? Nguruwe wako mwenye sikio lililokatwa akija kwangu, si namrudisha? Kijiji kizima tumehangaika na kaa wako wiki nzima!"

Sifaole akameza matusi. "Na wasio na rangi, mliwaona?"

"Tele, shangazi!" Lapati akajipapasa tumbo. "Lakini wale hawana mwenyewe."