Majani ya Uwanja

Naikumbuka asubuhi niliyotoka kwetu Shirimatunda bila kujua naenda wapi, mwanangu. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, kazi sina, ila nilikuwa na kalamu mfukoni na hamu ya kujua kila kitu. Lori lililoshusha ndizi Moshi lilikuwa linarudi Rombo tupu. Dereva akaniambia panda, nikapanda. Akanishusha juu kidogo ya mji wa Mkuu, kwenye kijiji ambacho hata jina lake sikuwahi kulisikia.

Nikakuta vijana wa timu ya mpira wamekaa kando ya uwanja, wamenyong'onyea. Ilikuwa miaka ile biashara zimefunguliwa na kila mtu anataka fremu ya duka. Serikali ya kijiji ilitaka kuukata uwanja ule viwanja vya maduka, na mkutano wa wanakijiji ulikuwa mchana huohuo. Mwenyekiti aliwapa vijana nafasi moja tu: waandike sheria ndogo ya kuutunza uwanja. Mkutano ukiikubali, uwanja unabaki. Ukiikataa, wapimaji wanaingia.

"Wewe unajua kuandika?" akaniuliza nahodha wao, Aloyce.

"Naandika hata barua za posa."

Basi nikaandika. Mjini nilikuwa nimesoma vibao vingi vya makatazo, nikadhani sheria ndiyo hiyo. Marufuku kupita na mzigo. Marufuku kufunga mbuzi. Marufuku kukata majani. Tulipomaliza tulipeana mikono kama watu walioshinda tayari.

Aloyce akaisoma mkutanoni. Alipofika kwenye majani, wanawake wakaguna. Bibi mmoja, Apolonia, akasimama na mundu wake mkononi.

"Aliyeandika hii ni mtoto wa nani?"

"Shikamoo, bibi. Ni mimi, natokea Moshi."

"Marahaba. Na huko Moshi ng'ombe wenu wanakula nini, magazeti?"

Watu wakacheka sana, nami nikacheka kidogo, kwa adabu.

"Wa kwetu wako bandani," akasema. "Majani tunawaletea kwa vichwa vyetu. Uwanja huu unaouona safi, ni mundu huu. Tukiacha kukata mwezi mmoja wa mvua, hawa wajukuu zangu watautafuta mpira wao kwa mbwa."

Mwenyekiti akauliza wanaowaunga mkono vijana. Mikono ilikuwa michache, nikajua nimewapotezea uwanja wao. Nikaomba nafasi ya kurekebisha, mwenyekiti akakubali. Nikaenda kuchuchumaa karibu na bibi, nikamuuliza nani anakata upande upi, siku gani. Kumbe walikuwa na zamu yao ya miaka mingi, nami nilitaka kuifuta kwa mstari mmoja. Nikaiandika kama alivyonieleza, na wamalize kabla ya mechi ya Jumamosi.

"Andika pia wachezaji watatubebea mizigo mpaka nyumbani," akasema bibi. "Na wasichana wa netiboli wapate siku yao."

Aloyce akashtuka. "Nibebe majani kichwani, mchumba wangu anione?"

"Akuone. Ndipo atakukubali."

Safari hii mikono iliinuka kila upande. Hata bwana mmoja aliyekwisha kujichagulia pembe ya kujenga duka aliinua wake, baada ya mkewe kumtazama. Mwenyekiti akatangaza kwamba uwanja unabaki.

Jioni nilipouliza mahali pa kulala, Bibi Apolonia alinipa chumba kilichopakana na banda la ng'ombe. "Wasikilize wanavyotafuna," akaniambia, "sheria itakuingia." Nilikaa kwake miezi minne, na majani nimeyabeba.

Mwanangu, nasikia umeingia kamati ya michezo ya kata yako. Vizuri. Kabla hujaandika lolote kuhusu uwanja, nenda pale siku isiyo na mechi. Angalia nani yupo, anafanya nini, uwanja ungekuwaje asipokuja. Muulize yeye kwanza, kisha ndipo uwaulize wachezaji. Na ukikosea mbele ya watu, kama nilivyokosea mimi, usikimbilie kujitetea. Omba kalamu urekebishe, bado watu hawajaondoka.

Mungu akupe miguu isiyochoka kutembea na masikio yenye subira, na kila ufikapo, akutangulizie mtu wa kukukaribisha ndani.