Herufi Kubwa za Monsieur

Simpendi yule mtafiti, na sioni sababu ya kujisumbua kumpenda. Alifika Kabambare, huku Kongo, kwa pikipiki, matope mpaka magotini, kompyuta ameifunga kifuani kama mtoto mchanga. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Alinichukua nimsaidie kuita watu. Alisema anapima jinsi mawazo yanavyotembea kichwani mwa mtu. Mashine inauliza swali, mtu anaandika, na jibu linatokea kwenye skrini herufi kwa herufi. Herufi zenyewe alizikuza zikalingana na za ubaoni, eti wazee wasikaze macho.

Kwetu mwanamume hajifungii chumbani na mke wa mtu. Mlango unaachwa wazi, na mtu wa upande wa mume anaketi humo humo. Monsieur, ndivyo tulivyomwita mtafiti, aliambiwa, akakubali, akaweka benchi nyuma ya kiti cha anayejibu. Basi aliyekaa kwenye benchi alisoma kila kitu. Nilimwambia asubuhi ya kwanza.

“Monsieur, uyafiche yale maandishi. Watu iko wanasoma pale nyuma.”

“Programu iko vile, mwalimu. Mutu lazima aone kile anaandika.”

“Basi tugeuze meza.”

“Jua litapiga ku skrini.” Akanipungia mkono kama anayefukuza nzi.

Akaingia mdogo wangu wa kike, na kaka wa mumewe akaketi kwenye benchi. Mume huyo alikuwa anampiga, tulijua sote. Mashine ikamuuliza: Ukiamka asubuhi, unawaza nini? Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo tangu aolewe. Nadhani alisahau kabisa kwamba nyuma yake kuna macho. Akaandika kwa kidole kimoja, taratibu: Karanga zikivunwa nitachukua mtoto wangu nirudi kwetu Wamaza.

Shemeji yake aliisoma sentensi hiyo kwa sauti, kama anavyosoma matangazo kanisani. Kisha akainuka, akatoka. Mdogo wangu alipogeuka alikuta benchi tupu, akakimbia bila viatu. Monsieur akaniuliza mbona ameondoka kabla ya swali la pili. Nilitamani kumzaba kofi.

Alipofika nyumbani, mama mkwe alikuwa ameshaondoka na mtoto kwa pikipiki, kwenda kwa ndugu zao Lusangi. Mahari ilitolewa, mtoto ni wao. Hata chifu alisema hivyo.

Kesho yake monsieur alikuja kwangu kumtafuta, ili amalizie maswali. Mdogo wangu alikuwa amelala kwangu, macho yamevimba. Alimtazama monsieur, akamuuliza kwa upole ambao mimi nisingeuweza:

“Monsieur, yale maneno yangu, iko namna ya kuyafuta?”

“Iko, mama. Hata sasa.”

Akafungua mashine mezani kwangu, akabonyeza, sentensi ikatoweka. Akamgeuzia skrini aone mwenyewe, uso umemchangamka.

“Na mu kichwa ya shemeji yangu,” mdogo wangu akasema, “unabonyeza wapi?”

Monsieur akafunga mashine. Nilimwonyesha mlango. Mtoto bado yuko Lusangi.