Atavikulia

Kwi. Kwi. Kwi. Mpaka leo nausikia ule mlio, kama mtu anamkanyaga panya polepole. Ulitoka kwenye soli za viatu vya msichana wangu, viatu vya plastiki, rangi ya waridi, vyenye ua kubwa la kung'aa kisiginoni. Wifi yangu, dada ya mume wangu, ndiye aliyevileta. Anauza vitunguu barabarani kule Miasenyi, na siku hiyo alifika kwetu Voi amevining'iniza kidoleni kama aliyeshinda kombe.

"Mtoto wa mwaka mzima bado miguu chini, kama hana watu!"

Nilifurahi, sisemi uongo. Mtoto alikuwa ameanza kupiga hatua kutoka kwenye kiti hadi gotini kwangu, na kichwani mimi tayari nilishamfikisha kanisani, anatembea peke yake katikati ya viti, watu wanageuka kumtazama. Lakini viatu vilikuwa vikubwa. Kidole changu kiliingia nyuma ya kisigino chake na kutoka bila kugusa kitu.

"Atavikulia," wifi akasema.

Huku kwetu neno hilo likishatoka, mjadala umekwisha. Sare ya shule, sweta, viatu, vyote mtoto atavikulia. Wifi akachana leso kuukuu, akaisokota, akaijaza mle mbele kwenye vidole. "Haya, vinamtosha. Na usimvuevue, miguu ikomae."

Kilichokulia mle ndani hakikuwa mguu.

Joto la Voi mnalijua. Haikupita wiki mtoto akaacha kutembea. Nikimsimamisha, anakunja magoti, analia, anakaa. Mchana mmoja nikakivua kile kiatu na kukichunguza vizuri, harufu ikanipiga puani kama nimefungua choo cha steji ya matatu. Kile kitambaa kilitoka kimelowa, cheusi, kinateleza: jasho, mkojo, na uji uliodondokea humo sijui lini. Ngozi ya katikati ya vidole ilikuwa nyeupe, imelainika kama ugali uliolala ndani ya maji. Nilipoigusa, ikatoka. Ikanata kwenye kidole changu. Nikakimbilia nyuma ya nyumba nikatapika. Halafu nikarudi nikaibusu ile miguu, sasa ningefanyaje? Ni yangu.

Kliniki tulipewa dawa ya kupaka. Muuguzi akasema nyumbani mtoto atembee pekupeku, vidole vishike sakafu, ndivyo mguu unavyopata nguvu. Akishazoea kutembea nje, ndipo apate kiatu laini, kinachokunjika mkononi, chenye nafasi kidogo tu mbele ya kidole gumba. "Na hiki," akakisukuma kwa ncha ya kalamu, "kisimkaribie tena."

Jumapili wifi akaja. Alimkuta mtoto amekaa mkekani, vidole vinakauka, hataki kusimama.

"Viatu vyangu viko wapi?"

"Hebu nusa kwanza, wifi." Nikamsogezea beseni nililovitupia.

Akainama. "Shindwe! Kumekufa nini humu?"

Zawadi yako, nilitaka kusema. Nikaimeza. "Ni jasho la mtoto, wifi."

Akafunika pua kwa kanga. Akamtazama mtoto, akaitazama miguu, macho yakamlegea. Lakini kushindwa hapendi. "Sasa huyu atajifunza kutembea wapi? Humo ndani mnamokanyagana? Na hii ploti yenu imejaa miba ya migunga. Akichomwa, msiniite!"

Kuhusu miba hakukosea.

Alipoondoka, nikasubiri mtoto alale. Nikaufagia uwanja wote, na bado sikuuamini. Nikajifunga kanga kiunoni, nikapiga magoti kwenye mchanga ule wa moto, nikaanza kuupapasa kwa viganja, kutoka kizingitini kuelekea kwenye kamba ya nguo, nikiokota mwiba mmoja mmoja.