Bakuli Moja Chumbani kwa Mzazi

Leo nimemnyima mgeni maji, na sijuti.

Wenzangu, nisikilizeni kwanza.

Bomba la mtaa wetu hapa Mabawa limekauka tangu juzi. Dada yangu amejifungua, yuko ndani na kichanga chake. Alfajiri mama alikwenda kisimani, akajaza mtungi ili mzazi apate kukandwa kwa maji ya moto.

Asubuhi akaingia bwana afya, yule kijana anayekagua mbu majumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Adabu tele! Kisha akachungulia mtungini, akaona kiluwiluwi kimoja, bila shaka kimetoka huko huko kisimani. Akauinamisha. Maji yote yakaenda uani.

"Uchafu huu ndio unaowaletea homa, mama."

Uchafu! Na bomba kavu je? Hilo hakulikagua.

Tope likamrukia mikononi. Basi, bila haya, akaomba maji ya kunawa.

Mama yangu, na heshima zake, akaenda kuomba kwa jirani. Akarudi na bakuli moja.

"Mpe mgeni anawe."

Nikalipokea. Nikampita bwana afya, nikaingia nalo chumbani kwa dada, nikafunga mlango.

"Wee mtoto, umenitia aibu!" mama akanipigia kelele.

Nikamsikia na yule kijana: "Mama, binti huyu mmemsomesha mno."

Niambieni nyinyi, aibu hiyo ni ya nani?

Maji ya bakuli yametosha kumfuta kichanga tu. Dada bado anangoja.