Mpunga wa Sengi kwenye Utoro

Lambo letu liko upande wa juu wa kitongoji, si mbali na njia ya kwenda Nkololo. Kabla halijachimbwa, mvua kubwa ikinyesha kijito kilikuwa kinatuingilia mpaka jikoni, na mama yangu alikuwa akiwapandisha kuku kitandani. Siku hizi maji yanasimama nyuma ya tuta la udongo, ng'ombe wanakunywa, na sisi tunaokaa chini yake tunalala. Ubavuni mwa tuta kuna utoro, yaani mfereji mpana wa kupitishia maji yanayozidi, ili yasije yakapanda juu ya tuta na kulikata. Ndani ya utoro huo ndimo shangazi yangu alimopanda mpunga.

Shangazi kwetu ni sengi. Huyu ni dada mkubwa wa baba, na mama alipofariki ndiye aliyenichukua akanilea. Ni mjane, na ardhi yake ni ndogo. Msimu uliotangulia, jaruba lake la siku zote lilikuwa limejaa mchanga ulioletwa na mvua. Akaangalia huku na huku, akaona utoro umekaa bure, udongo wake mweusi na una unyevu, hakuna anayeutumia. Akaingia na jembe. Alitengeneza majaruba mazuri, kingo zimenyooka na kushindiliwa, mtu asingeweza kuyalaumu kama yangekuwa mahali pengine.

Mwaka huo nilikuwa kwenye kamati ya lambo. Kazi zetu zilikuwa za kawaida: kung'oa vichaka juu ya tuta kabla mizizi haijazama, kuziba mashimo ya panya, kuweka miiba ili ng'ombe wasikatishe hapo juu na kupachimba kwa kwato. Masika yalipokaribia tukazunguka kukagua, tukafika kwenye utoro, tukasimama. Mpunga ulikuwa bado mchanga, wa kijani kibichi. Kingo zake zilikuwa zimeziba mfereji kutoka upande hadi upande.

Mwenyekiti wa kamati, mzee mpole ambaye hapendi ugomvi, akanigeukia.

"Hili ni lako," akasema. "Sisi akituona tumeongozana atatufukuza."

Nilikwenda asubuhi. Nilimkuta anachambua choroko uani.

"Mwangaluka, sengi," nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Mhola?" Huniita mayu, yaani mama.

"Mhola duhu," nikajibu, salama tu.

Akanipa kigoda na uji. Tulizungumza habari za pamba, za wajukuu wake walioko Bariadi mjini, za mbuzi mwenye kikohozi. Uji uliisha nikiwa bado sijalisema lililonileta. Mwishowe yeye ndiye aliyelisema.

"Umetumwa habari za mpunga wangu."

"Ndiyo, sengi. Zile kingo zinazuia maji."

"Maji yatapita juu yake. Udongo tu ule."

"Na yasipopita?"

"Yasipopita mtakuja kunicheka. Mimi sing'oi chakula kinachoota."

Nilimrudishia bakuli la uji nikaaga. Nilijua kilichomsumbua: msimu uliopita alinunua mchele, yeye ambaye maisha yake yote amekula aliolima mwenyewe, na jambo hilo lilimwuma kuliko alivyotaka tuone.

Baada ya siku chache mvua ilinyesha huko juu, kwetu ikawa manyunyu tu. Mchana nilipita lamboni nikaona maji yamepanda sana. Nikarudi kumwita. Nilimwambia twende tu tukaangalie, na akakubali kwa sababu alitaka kuona mpunga wake.

Tulitembea juu ya tuta taratibu, maana goti lake moja ni baya. Katikati kuna mahali palipolika kwa kwato za ng'ombe, pameinama kidogo. Hapo maji yalikuwa yamebakiza kama shubiri moja. Sengi akasimama. Aliangalia maji, kisha akageuka akaangalia upande wa pili, chini, ambako mabati ya nyumba yetu yanaonekana, na nguo za watoto wangu zilikuwa zimeanikwa.

"Yakipita hapa yanaelekea kwenu," akasema.

"Yanaelekea kwetu."

Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei sokoni, "Nani ana jaruba lenye maji?"

Jirani yetu mmoja, anayelima upande wa chini, alikuwa amelima jaruba lenye maji na kuliacha kwa sababu miche yake iliungua kwa jua ikiwa bado kitaluni. Nilimkimbilia, naye akakubali bila maneno mengi. Jioni ile na asubuhi iliyofuata tuling'oa mpunga wa sengi, wanawake wa kitongoji na wanaume wawili wa kamati, tukaufunga mafungu na kuubeba kwa mabeseni kwenda kuupandikiza. Sengi alisimamia, akikemea kila aliyekata mizizi. Kingo tukazibomoa, udongo wake tukaupeleka pale palipoinama, tukamwaga, tukashindilia kwa magogo na miguu yetu. Hatujamaliza vizuri maji yakapata njia kwenye mdomo wa utoro, yakaanza kupita, membamba kwanza, kisha kwa upana wote, ya rangi ya chai ya maziwa. Tulisimama tukayatazama. Hakuna aliyeshangilia. Mwenyekiti alinawa miguu humo akaenda zake nyumbani.

Mpunga uliopandikizwa haukushika wote. Sehemu uligeuka njano, sehemu ulisimama, na sengi alivuna nusu ya alichokitegemea. Kwa wiki kadhaa alinisalimia kwa mkato, na kanisani alikaa benchi la mbele ili asikae nami. Sikumlaumu. Baadaye alinitumia mchele mpya ndani ya kitambaa, bila ujumbe, nikaupika siku hiyohiyo.

Sasa lile jaruba la chini analima kila msimu kwa kugawana mavuno na yule jirani. Lakini msimamo wake haujabadilika. Juzi tu, tukila kwake, alimweleza mgeni kwamba maji yale yangejitafutia njia yenyewe, kwamba tulikuwa na haraka.

"Si ndiyo?" akanigeukia.

"Kula, sengi, ugali unapoa," nikamwambia, naye akacheka, akanisogezea mlenda.