Chumba cha Chini, Mtaa wa Bwawani

Kuta zilianza kutoka jasho mwanzoni mwa Machi, mwaka 1999. Nikodemu aliamka, akakanyaga sakafu yenye maji, akadhani amepiga teke birika usingizini. Akatazama dari: kavu. Akatazama nje: mvua hakuna, ni ukungu tu umelala juu ya bwawa la bata. Alipoweka kiganja ukutani kikateleza, kama amekiweka ubavuni mwa ng'ombe aliyetoka joshoni.

Chumbani mlikuwa na marobota kumi na moja, yamepangwa hadi karibu na dari. Jinzi na mashati meupe ya shule, mabaki ya viwandani aliyoyakusanya kidogo kidogo kwa miezi minne katika mji huu mdogo wa washonaji, mashariki ya Guangzhou, Uchina, njia ya kwenda bandari ya Huangpu. Nyumba yao ya Bukoba ilikuwa imo ndani ya marobota yale. Waliiuza, yeye na mkewe Kalista, ndipo akapata kusafiri. Sasa Kalista na watoto walikuwa wamejibanza Muleba kwa kaka yake, Jovitus, wakingoja mzigo ufike uuzwe, nao wapate tena nyumba yao wenyewe. Kontena lingefungwa Jumamosi, tarehe ishirini. Viza ya Nikodemu ingeisha mwisho wa mwezi. Ilikuwa imeshaongezwa mara mbili, na ya tatu aliambiwa asahau.

Hata hivyo, asubuhi ile hakuogopa. Mtu wa Bukoba hafundishwi mvua. Kwao mvua ikikatika tu, mama wa nyumba anafungua milango na madirisha, upepo wa ziwani unapita, nyumba inapumua. Nyumba iliyofungwa ndiyo inayooza. Nikodemu akafungua madirisha yake yote mawili, akaegesha mlango kwa tofali, akakausha sakafu kwa gunia.

Chumba hicho alikichagua mwenyewe. Mwezi wa Novemba, alipochoka na hoteli za karibu na stesheni, alizungushwa mjini hapa na Wangari, mwanamke wa Nairobi aliyekuwa akinunua viatu soko la Zhanxi na aliyekijua Kichina cha kutosha kugombana nacho. Kwanza walikwenda kilimani, karibu na soko, alikoishi Wangari mwenyewe. Chumba kilikuwa ghorofa ya nne. Mwenye nyumba, Bwana Huang, aliwapa chai hata kabla ya kuwaonyesha ufunguo. Lakini ngazini watoto walimfuata Nikodemu kama arusi, na muuza mboga mmoja alimsugua mkono kwa kidole gumba aone kama rangi inatoka, kisha akaita wenzake. Nikodemu alikuwa mtu ambaye hata kanisani alikaa nyuma ya nguzo. Alitamani ardhi immeze.

Halafu wakashuka hapa bwawani. Uchochoro wa zamani, wazee watatu wanne, bata, basi. Chumba cha chini, kipana, mlango ambao mkokoteni ungeingia moja kwa moja. Jua la Novemba lilikuwa limejaa sakafuni, kavu na zuri.

"Hapa," Nikodemu alisema.

"Mzee Niko, umeuliza?"

"Niulize nini?"

"Uliza wenyeji! Mvua ikija kunakuwaje, kiangazi kunakuwaje. Kwa nini chumba kikubwa hivi kimekaa bure? Hujiulizi?"

"Pametulia."

Wangari akacheka. "Hata makaburini pametulia, mzee." Lakini hakumzuia. Siku ile ile mwenye chumba alimpeleka Nikodemu polisi kuandikishwa, na kazi ikawa imekwisha.

Kulikuwa na jambo moja tu alilokuwa ameagizwa. Kalista alimfungia mkebe wa kahawa za kutafuna, zile zinazochemshwa na majani na kukaushwa, ambazo kwao mgeni hakai kabla hajapewa. "Ukipata mtaa," alimwambia, "usiingie kama mwizi. Pita kwa majirani, wape kahawa, wakujue." Jioni ya kwanza Nikodemu aliuchukua mkebe hadi mlango wa pili, kwa bibi kizee ambaye uchochoro mzima ulimwita Apo. Akainua mkono agonge. Akasikia watu wanacheka ndani. Mkono ukashuka. Alirudi, akausukuma mkebe chini ya kitanda, na ukakaa huko na plasta yake mdomoni kama Kalista alivyoubandika.

Basi siku ile ya kwanza ya jasho, Apo alipita mlangoni, akasimama. Alikuwa mfupi, kavu, na koti la pamba lililofungwa vifungo vyote. Akatazama madirisha, akatazama marobota, akasema neno refu. Kisha akaingia bila kukaribishwa, akafunga dirisha la kwanza, akafunga la pili, akalipiga tofali teke. Nikodemu alisimama katikati ya chumba chake mwenyewe kama mtoto aliyekutwa jikoni.

"Xiexie," alisema. Asante. Ndilo neno lililomtoka bila kutetemeka.

Alipokwisha kuondoka, Nikodemu akawaza: labda ni harufu ya maharage yangu. Inawafikia, inawaudhi. Akangoja hatua za bibi ziishe uchochoroni, akafungua madirisha tena, taratibu, yasilie.

Ikawa hivyo siku kumi. Apo anakuja, anafunga, anagombeza, anapiga ukuta kofi na kumwonyesha kiganja chenye maji. Nikodemu anainama, anashukuru, anangoja, anafungua. Siku moja bibi alimwachia rundo la magazeti ya zamani mlangoni. Nikodemu aliyaweka kando kwa heshima, asijue ya nini. Alipunguza kupika maharage. Ukuta haukupungua jasho. Alipofuta asubuhi, saa sita ulikuwa unatiririka.

Alhamisi, siku mbili kabla ya kontena, alifungua robota moja ili aongeze mashati ya mwisho. Kamba ilipokatika, harufu ilitoka kabla ya nguo. Alijua mara moja, ila mikono ikakataa kujua, ikaendelea kufukua. Mashati yalikuwa na madoa ya kijivu kama mtu ameyapulizia majivu. Jinzi zilikuwa zimeota manyoya meupe kwenye mishono, na kila kifungo kimezungukwa na duara la kutu. Akakata kamba ya robota la pili. La tatu. La nne. Alipofika la tano aliketi sakafuni, majini, suruali ikalowa.

Akaanza Baba Yetu. Akafika kwenye mkate wetu wa kila siku, akakwama. Akarudia tangu mwanzo, akakwama palepale. Alimwona Kalista akiosha vyombo vya wifi yake. Aliwaona watoto wakikunja mkeka kabla ya alfajiri ili wenye sebule wapite. Alitamani kupiga kelele, na hata hapo, akiwa peke yake, aliona haya kupiga kelele.

Kwenda kwa mtu ilikuwa lazima. Na kwa mtu huendi mikono mitupu. Ndipo akaukumbuka mkebe.

Aliuvuta kutoka chini ya kitanda. Bati lilikuwa limelowa nje kama kila kitu humo ndani. Akasema moyoni, nayo imeoza. Akautikisa: ukalia, chakacha, kama kayamba. Akabandua plasta. Kahawa zilikuwa kavu, nyeusi, na harufu ya jikoni kwa Kalista ikampanda puani. Alitia moja mdomoni, ikavunjika kwa mlio.

Akakaa nayo mdomoni. Mkebe ulikuwa umelala chini ya kitanda, mahali pabaya kuliko pote, lakini ulikuwa umefungwa. Yeye marobota aliyapa hewa. Siku kumi aliyapa hewa, na hewa yenyewe ndiyo iliyokuwa maji.

Akasimama, akafunga dirisha la kwanza. Akafunga la pili. Kisha akaenda mlango wa pili na kugonga, akagonga tena kabla mkono haujapata nafasi ya kushuka.

Apo alichukua punje moja, akaitafuna, akakunja uso wote, akaitema kiganjani na kuitazama. Zilizobaki akazimimina mfukoni. Halafu akaja. Hakugombeza. Alipoona marobota yaliyopasuliwa alitoa sauti ndogo, ile ambayo haihitaji mkalimani, akatoka na kurudi na mzee mmoja na mama mmoja wa uchochoroni. Walileta chokaa ya kunyonya unyevu ndani ya vikapu, wakapachika magazeti kwenye kila ufa, wakawasha jiko la makaa katikati ya chumba. Marobota matatu ya katikati hayakuwa yameguswa na ukungu. Waliyapandisha juu ya mbao za kitanda chake na kuyazungushia chokaa, kama wagonjwa. Mengine wakayasugua kwa brashi, nguo moja moja, Alhamisi hadi Ijumaa. Ukungu ulitoka. Harufu haikutoka.

Jumamosi Derick alikuja na lori. Alikuwa kijana wa Mwanza aliyekusanya mizigo ya watu na kuipeleka Huangpu, na Wangari alikuwa ameketi mbele pamoja na dereva, kwa sababu viatu vyake vilikuwa kontena lilelile. Derick hakutazama nguo za juu. Alikuwa na mtindo wake: anachana robota kidogo, anazamisha mkono hadi kiwiko, anautoa na kuunusa.

"Hili sawa. Hili sawa. Hili sawa." Akafika la nne. Akanusa, akafuta mkono kwenye suruali. "Hili hapana, mzee wangu."

"Nimelisugua, Derick. Limekauka."

"Limekauka machoni. Siku arobaini ndani ya bati, baharini, jua linapiga juu. Ukungu haukati tiketi, mzee, lakini unasafiri. Ukifika Dar utakuwa umekula mizigo ya watu kumi na wawili."

"Yaweke pembeni. Yafunge nailoni."

"Haiwezekani."

Nikodemu akamgeukia Wangari. Wangari akatazama mikono yake. "Viatu vyangu ni vya ngozi, Mzee Niko. Nisamehe tu."

Hapo Nikodemu, mtu mwenye umri wa miaka arobaini na tisa, alipiga goti mbele ya kijana, uchochoroni, bata wanatazama, Apo anatazama, dereva anatazama. Alishika mguu wa suruali wa Derick. "Mdogo wangu, hiyo ni nyumba yangu. Watoto wako sebuleni kwa watu. Nakuomba."

"Usinifanyie hivyo, mzee! Inuka. Inuka, tafadhali." Derick alimwinua kwa makwapa, macho yake mwenyewe yamejaa maji. "Ningekuwa peke yangu ningepakia. Siko peke yangu."

Lori liliondoka na marobota matatu.

Jumatatu upepo uligeuka. Ulishuka kutoka kaskazini, baridi, mkavu, na kufika adhuhuri kuta zilikuwa zimekauka kana kwamba hazijapata kulowa tangu zijengwe. Apo alifungua madirisha yeye mwenyewe, akacheka, akamwita Nikodemu kwa mkono. Walitandaza mianzi kutoka dirisha hadi dirisha, wakaanika jinzi uchochoro mzima, tabaka juu ya tabaka. Watu wa kilimani walishuka kuja kuona. Watoto walipita chini ya suruali mia tano wakipiga kelele. Nikodemu alisimama katikati akigeuza nguo, wanamtazama, wanamnyooshea vidole, na hakuwa na pa kujificha wala nguvu za kutafuta pa kujificha. Kontena jingine la Derick lilikuwa la Mei. Viza ilibakiwa na siku tisa.

Alasiri alikwenda kwenye kibanda cha simu kupiga Muleba, kwenye simu ya parokia, saa waliyopatana. Kalista alikuwa ameshafika, sauti yake imechangamka.

"Nimepata nyumba mbili, baba Evaline. Moja iko sokoni, vyumba vya kupanga, kelele tupu. Nyingine iko bondeni, kubwa, peke yake, hata jirani humwoni. Nikasema hii ndiyo yako wewe."

"Kalista."

"Mwenyewe anataka jibu leo."

"Marobota yamekwenda matatu."

Waya ukanguruma. Nyuma yake alisikia jogoo wa parokia akiwika, na pumzi ya mkewe, ndefu, inayoingia na kukaa.

"Nane?" Kalista aliuliza mwishowe.

"Yameota ukungu. Chumba kilikuwa kibaya. Majirani walijua. Walijua wote."

Sauti ya Kalista haikuwa ya hasira, na hilo lilimwuma zaidi.

"Kahawa uliwapa?"

"Niliwapa."

"Lini?"

Nikodemu alitazama kupitia kioo cha kibanda. Nje walikuwa wamepanga mstari watu watatu wakingoja simu, nao wakimtazama.

"Alhamisi," akasema.

"Alhamisi ya lini?"

"Iliyopita."

Jogoo akawika mara mbili.

"Basi tutachukua ya sokoni," Kalista alisema. "Chumba kimoja. Na kahawa nitagawa mimi."